Maiti wa homa isiyojulikana: tumwoshe au tusimwoshe?

Mama mmoja wa Kisauni ameniandikia hivi:

"Asalaam aleikum daktari. Mimi na wenzangu ndio tunaoosha maiti wa kike mtaani kwetu, na mara nyingi twagongewa milango usiku wa manane. Tangu nisikie habari za Marburg huko Tanzania na Ebola huko Uganda, nimeingiwa na wasiwasi. Mwezi uliopita tuliitwa kwa binti aliyefariki kwa homa ya siku tano, akitapika, na hakuna aliyetwambia alikuwa na nini. Tulimwosha, tukamkafini, akazikwa. Alhamdulillahi hakuna aliyeugua. Je, maradhi haya yaweza kufika Mombasa? Na tukiitwa tena kwa maiti kama yule, tumwoshe au tusimwoshe? Kumwacha Muislamu azikwe bila kuoshwa ni jambo zito mno kwetu."

Waaleikum salaam warahmatullah, mama yangu, na shikamoo. Nianze na jibu lenyewe, kwa sababu huenda ukaitwa usiku wa leo kabla hujamaliza kusoma.

Ikiwa marehemu aliugua homa ya ghafla, na ndani ya siku 21 kabla ya kuugua alikuwa mahali palipotangazwa mlipuko, au alimuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa maradhi kama hayo, msimwoshe. Hali kadhalika ikiwa alitokwa na damu bila jeraha na hakuna daktari aliyeeleza sababu. Msimguse, msimbadilishe nguo, msimfunge kidevu. Tokeni chumbani, fungeni mlango, mpigieni simu afisa wa afya ya umma wa wadi yenu au zahanati iliyo karibu, kisha mngoje. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, mwosheni kama mlivyofunzwa, lakini kwa glovu, aproni ya plastiki na barakoa. Fanyeni hivyo kwa kila maiti, hata awe mtoto mliyemlea wenyewe.

Kuhusu yule binti: kama siku 21 zimepita tangu mumwoshe na hakuna kati yenu aliyeshikwa na homa, basi kwa upande wa Ebola na Marburg tulieni. Siku 21 ndio mwisho wa muda ambao virusi hivi hujificha mwilini kabla ya kujitokeza; mfupi kabisa ni siku mbili. Homa ya siku tano pamoja na kutapika, hapa petu, mara nyingi sana huwa ni malaria, dengi au homa ya matumbo. Hata hivyo mlikuwa na haki ya kuambiwa alikuwa akiugua nini, na mlikuwa na haki ya kuuliza. Hilo la kuuliza ndilo nataka tuliongee kwa kirefu, maana milipuko ya maradhi haya huzimwa au huwaka katika zile saa za mwanzo, kabla ugonjwa haujapewa jina na maabara yoyote. Saa hizo mgonjwa au maiti huwa mikononi mwa watu kama wewe.

Kwanza ujue kwa nini maiti ni hatari kuliko hata mgonjwa. Mtu aliyeambukizwa Ebola au Marburg haambukizi wengine kabla hajaanza kuugua. Akianza kuugua, virusi huongezeka kadiri anavyozidiwa, vikajaa katika damu, matapishi, choo, mate na jasho. Anapokata roho, mwili wake ndio umebeba virusi vingi kuliko wakati wowote, na vinaendelea kuishi ndani yake na juu ya ngozi yake kwa siku kadhaa. Sasa fikiria kazi yenu yenyewe. Mnamkalisha maiti, mnamkamua tumbo taratibu ili uchafu utoke, mnamsafisha, mnammiminia maji mara tatu au zaidi, maji yanaruka na kutiririka ufuoni, yaani kwenye kishimo cha maji ya kuoshea maiti, na baadhi yenu mko pekupeku. Kwa virusi vinavyoingia kupitia mchubuko mdogo wa ngozi, jicho, pua au mdomo, hakuna mlango uliofungwa hapo.

Hili lilionekana waziwazi Afrika Magharibi katika mlipuko mkubwa wa Ebola wa 2014 hadi 2016, uliowapata watu zaidi ya 28,600 na kuwaua zaidi ya 11,300. Guinea ni nchi ya Waislamu wengi, wanaoosha maiti wao kama sisi. Mnamo Agosti 2014 wizara ya afya ya huko ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wagonjwa wake walihusiana na mazishi na maandalizi ya maiti. Nchini Sierra Leone, mganga mmoja wa kike alifariki baada ya kuwapokea wagonjwa waliovuka mpaka kutoka Guinea. Watu wakaja kumzika kutoka vijiji vya mbali, na wataalamu waliofuatilia baadaye walihusisha mazishi yake na vifo vinavyofikia 365. Waliohudhuria hawakuwa wajinga wala wakaidi. Walikuwa wakitimiza haki ya maiti, kama nyinyi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema, kwa heshima, nini cha kubadilisha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: msingoje damu. Maradhi haya huitwa homa za kuvuja damu, na watu hudhani mgonjwa lazima atokwe na damu machoni na puani. Katika takwimu za mwanzo za mlipuko huo wa Afrika Magharibi, waliotokwa na damu bila sababu inayoeleweka walikuwa asilimia 18 tu. Wengi walikuwa na homa, uchovu wa kupindukia, maumivu ya kichwa na viungo, kutapika na kuharisha. Kwa hivyo kumtazama maiti hakutawasaidia sana. Kitakachowasaidia ni historia yake.

Hapa namkumbuka daktari mmoja ambaye kila mfanyakazi wa afya wa Afrika Mashariki angepaswa kumjua, Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu. Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipoitwa arudi, kwa sababu wanafunzi wa uuguzi hospitalini kwake walikuwa wakifa kwa ugonjwa usioeleweka. Alifika, akakesha akisoma mafaili ya wagonjwa, akasoma vitabu vilivyokuwa maktabani, akaona kwamba waliokuwa wakifa ni wale waliowahudumia wagonjwa wengine. Hakungoja jibu la maabara. Aliwatenga wagonjwa katika wodi yao peke yao, akawavika wauguzi mavazi ya kinga, akatoa taarifa kwa wakubwa. Majibu yalipokuja na kusema ni Ebola, kazi ilikuwa tayari imeanza. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na 224 wakafa. Yeye mwenyewe aliambukizwa na kufariki Desemba 5, 2000. Siwezi kuandika habari zake bila kuguswa. Alichokifanya usiku ule kilihitaji macho, kalamu na ujasiri wa kuuliza: huyu aliuguzwa na nani, na aliyemuuguza yuko wapi sasa?

Nanyi mnaweza kuuliza hivyo hivyo. Najua ugumu wake. Mwafika nyumbani kwa mfiwa, mama analia sakafuni, nanyi mnataka kuhoji kama polisi! Kwa hivyo kazi hii apewe mtu mmoja, mkubwa wenu, anayejua kusema na watu, na amwite pembeni ndugu mmoja aliyemuuguza marehemu. Amwambie: "Poleni sana. Kabla hatujaanza, tunamuuliza kila mfiwa maswali haya, ili tumsitiri marehemu na tuwalinde mlio hai." Aulize marehemu aliugua siku ngapi na vipi. Aulize kama alisafiri au alipokea mgeni kutoka safari katika wiki tatu kabla ya kuugua, na kutoka wapi. Kama aliuguza mtu au alikwenda msibani. Kama alichinja au aligusa mnyama mgonjwa au mzoga, au aliingia pango lenye popo. Kama nyumbani kuna mwingine mwenye homa sasa hivi. Kama alipelekwa hospitali, waliambiwa nini? Maswali yasizidi hapo. Mkiyauliza kila mara, kwa tajiri na maskini, hakuna familia itakayoona imetiliwa shaka yenyewe.

Jibu likiwatia wasiwasi, mkitoka chumbani msiondoke na kitu. Ndoo, kata, ubao, shuka alilolalia, vyote vibaki ndani. Aliyemgusa anawe kwa sabuni na maji mengi. Kama kuna matapishi au damu kwenye njia ya kupitia, msipige deki. Mwagieni dawa ya klorini na mpaache hapo hadi wahusika waje. Wengi wetu tuna Jik nyumbani: sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji ndio kipimo kinachotumika hospitalini kwa damu na uchafu, na ichanganywe siku hiyo hiyo kwa sababu nguvu yake hupungua. Isichanganywe na asidi ya choo, hutoa hewa ya sumu. Na msioge nayo. Ngozi ikichubuka mmewafungulia virusi njia.

Maafisa wakifika, watachukua kwa kijiti cha pamba sampuli ya mdomoni mwa marehemu ipelekwe maabara ya KEMRI. Hawatamwacha ndani kusubiri siku nyingi. Maiti huzikwa kwa tahadhari kana kwamba ugonjwa umethibitishwa, na jibu likija ndipo ijulikane kama kuna wa kufuatiliwa. Kwetu sisi tuliozoea kuzika siku hiyo hiyo, hilo si geni.

Sasa nije kwenye lile zito. Mimi ni daktari wala si mwanachuoni, na hukumu ya kuosha ni ya masheikh; nakuomba umpelekee imamu wenu suala hili ukiwa na utulivu, kabla halijatokea. Ninachoweza kukueleza ni kilichokwisha kufanyika. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na ya heshima, uliotayarishwa kwa ushauri wa viongozi wa dini, na ndani yake mna sehemu ya mazishi ya Kiislamu. Maiti huwekwa na timu iliyovaa mavazi kamili ya kinga ndani ya mfuko usiopitisha maji. Badala ya kuoshwa hutayamamishwa: Muislamu mmoja wa timu hupiga viganja juu ya mchanga au jiwe safi, akapangusa juu ya mfuko, mahali pa uso na mikono. Kisha sanda nyeupe huja juu ya mfuko, au mfuko mweupe wenyewe ukachukua nafasi ya sanda. Sala ya jeneza husaliwa kama kawaida, watu wakisimama mbali kidogo. Familia yaweza kuchimba kaburi, kuchagua mahali pa kuzika, kushuhudia, kumtaja marehemu kwa jina lake na kutupia udongo.

Heshima ndiyo roho ya jambo lote hili. Mwanzoni mwa mlipuko wa Afrika Magharibi timu zilifika zimevaa kama watu wa mwezini, zikachukua maiti bila salamu, bila dua, na watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Kila maiti aliyefichwa alizaa wagonjwa wapya. Sisi nasi tuliyaonja hapa Kenya mwaka 2020 wakati wa korona, maiti akiteremshwa na watu waliovaa nguo nyeupe huku watoto wake wakitazama kwa mbali, na machungu yale hayajaisha kwa wengi. Kwa hivyo nasema wazi: timu ya afya ikija kwenu bila kusalimu, bila kujieleza, bila kumruhusu imamu asimame, mna haki ya kuidai itulie na ieleze. Lakini daini mkiwa nje ya kile chumba.

Na ikiwa mmeshamwosha ndipo mkapata habari? Msijifiche, wala msiogope kuwa mmekwisha. Waambieni maafisa majina ya kila aliyekuwemo chumbani. Mtafuatiliwa siku 21, mkipimwa joto asubuhi na jioni, mkikaa nyumbani bila kugusana na watu. Muda wote ambao hamna homa wala dalili nyingine, hamwaambukizi watoto wenu. Homa ikianza, siku ile ile mnapelekwa hospitali mahali palipotayarishwa, na kuwahi huko ndiko kunakookoa maisha. Majirani nao wasiwanyime maji wala unga. Mtu aliyetengwa asipoletewa chakula atatoka kukitafuta, na hapo amri ya kutengwa haina maana tena.

Umeuliza kama yaweza kufika Mombasa. Ndiyo, yaweza, na si lazima tuingiwe na kiwewe kwa kulikubali hilo. Tazama tulivyokaa. Bandari yetu inalisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Kampala iko umbali wa kilomita zipatazo 1,100, na lori hufika hapa kwa siku chache tu, ilhali virusi vyaweza kujificha siku 21. Kipimajoto cha mpakani Malaba au cha uwanja wa ndege kitamnasa mwenye homa, lakini aliyeambukizwa jana atapita akicheka na walinzi. Januari 2025 muuguzi mmoja wa Kampala aliugua, akatafuta tiba katika hospitali zaidi ya moja, ikiwemo ya Mbale ambayo iko karibu na mpaka wetu, na pia kwa mganga, kabla haijajulikana kuwa ni Ebola ya aina ya Sudan. Mlipuko wa 2022, ulioanzia Mubende, ulikuwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa. Kenya haikuthibitisha hata mmoja, lakini basi na lori hazikusimama hata siku moja.

Wala Kenya si ngeni kwa Marburg. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa ametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon alifia Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmark aliyekuwa ameingia pango hilo hilo naye alifariki. Popo wa matunda wanaoishi mapangoni ndio wanaobeba virusi hivyo, bila wenyewe kuugua.

Habari njema ni kwamba milipuko huzimwa, na huzimwa na kazi ya kawaida iliyofanywa mapema. Marburg ilipotokea Kagera, Tanzania, Machi 2023, wagonjwa walikuwa 9 tu, vifo 6, na Juni 2 ikatangazwa kwisha. Kutangaza kwisha huhitaji siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani ule muda wa kujificha mara mbili. Rwanda nayo ilipatwa na Marburg Septemba 2024. Wagonjwa 66, wengi wao wafanyakazi wa afya, kwa sababu ugonjwa ulifika hospitalini kabla haujajulikana. Waliokufa walikuwa 15, chini ya robo, wakati Marburg kwa kawaida huua takriban nusu ya wanaougua. Waliwapa wagonjwa maji ya mshipa mapema, wakawahudumia katika wodi za wagonjwa mahututi, wakawafuatilia waliokutana nao mmoja mmoja. Huwa nawasimulia wenzangu jambo hili kila nipatapo nafasi, kwa kuwa wapo wauguzi wanaoamini kwamba mgonjwa wa homa hizi ni maiti anayengoja siku. Si kweli. Maji, chumvichumvi za mwili na uangalizi wa karibu humvusha mtu.

Kuhusu chanjo niseme kwa ufupi. Ipo chanjo nzuri ya Ebola iitwayo Ervebo, iliyoidhinishwa mwaka 2019, na hutolewa kwa kuwazunguka watu waliokutana na mgonjwa pamoja na wale waliokutana nao. Hukinga dhidi ya Ebola ya aina ya Zaire pekee. Haikingi Ebola ya Sudan iliyosumbua Uganda, wala Marburg. Kwa hizo, chanjo bado ziko kwenye majaribio, na kinga yetu ni ile tuliyoieleza.

Naomba sasa nikuhamishe kutoka kwenye maiti nikupeleke kwenye zizi la mbuzi, maana kwa Pwani yetu iko homa iliyo karibu zaidi kuliko Ebola, na watu hawaitaji kabisa. Homa ya Bonde la Ufa ni ya kwetu. Virusi vyake viligunduliwa karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hukaa ndani ya mayai ya mbu ardhini kwa miaka, mvua kubwa zikija na mafuriko yakasimama, mbu huanguliwa wakiwa nao tayari, wakawauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Dalili ya kwanza huonekana kwa mfugaji: kondoo wenye mimba wanaharibu mimba karibu wote kwa mpigo, na vitoto vinakufa. Binadamu huipata kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kugusa damu, kondo la nyuma na viungo vya mnyama mgonjwa, au kunywa maziwa mabichi. Haijathibitishwa kupita kutoka mtu hadi mtu. Wengi huugua homa ya siku chache na kupona, ila wale wachache wanaovuja damu, nusu yao hufa.

Mvua za mwishoni mwa 2006 zilipoleta mlipuko, ulianzia Garissa, ukateremka mpaka kwetu Pwani, Tana River na Kilifi zikiwemo. Kenya ikahesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Kumbuka Idd ya kuchinja mwaka ule iliangukia mwisho wa Desemba, katikati ya mlipuko! Mbuzi wanaouzwa Mombasa msimu wa Idd wengi hutoka huko huko. Mwaka 2000 ugonjwa huu ulivuka bahari ukatokea Saudia na Yemen, na masoko ya Ghuba yakafungwa kwa mifugo ya Pembe ya Afrika.

Kwa hivyo baada ya mvua kubwa, nunueni mnyama aliyekaguliwa na daktari wa mifugo. Asiyesimama vizuri, anayetokwa na kamasi au damu, au aliyeharibu mimba karibuni, msimchinje hata kama bei ni ya kutupa. Mnyama mgonjwa hafai udhia, yaani kuchinjwa kwa ibada ya Idd, vilevile. Anayechinja na anayechuna avae glovu na gambuti, asiwe na kidonda mkononi. Wajawazito wasisafishe matumbo. Nyama ikiiva vizuri na maziwa yakichemka hayana neno. Na mlipuko ukishaanza, msichanje mifugo kienyeji, kundi zima kwa sindano moja. Sindano ile ile husambaza virusi.

Dengi mnaijua, imetuzungukia mara kadhaa tangu 2013. Mbu wake huuma mchana na hutaga kwenye maji safi tunayoweka akiba kwa sababu mifereji yetu hukauka. Funikeni mitungi na mapipa, na mkiyamwaga yasugueni kuta zake, kwani mayai hushika pale juu ya maji na yaweza kungoja miezi yakiwa makavu. Mwenye homa apewe parasetamoli na maji ya kutosha. Asipewe ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini kabla dengi haijaondolewa kwenye hesabu, kwa sababu huzidisha kuvuja damu. Homa ikishuka kisha tumbo likaanza kuuma sana, kutapika kukaendelea au fizi zikatoa damu, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Kabla sijasahau, kuna jambo linaloniuma kila habari za mlipuko zinapotangazwa. Madereva wa malori na matingo wao wanaolala Miritini, Jomvu na Changamwe huanza kunyooshewa vidole, na Mganda au Mkongo anayeuza vitu barabarani hufukuzwa mlangoni. Dereva anayejua kwamba akisema ana homa atafukuzwa kazi na nyumba, atanyamaza na kununua dawa kwa siri. Mnapouliza yale maswali ya safari, ulizeni kama dada zake. Mwenye lori na mwenye nyumba wakimhakikishia kwamba kazi na kitanda chake vitamngoja, atasema ukweli siku ya kwanza ya homa.

Nikuombe jambo moja la wiki hii. Nenda kwa kamati ya msikiti ukiwa na mwenzako, mwombe kikao kimoja na imamu, afisa wa afya ya umma wa wadi na waosha wa kiume pia. Mkubaliane mambo mawili: nani atauliza maswali, na imamu ataitangaza vipi hukumu ya kutayamamisha siku ikihitajika, ili familia isiisikie kwa mara ya kwanza ikiwa msibani. Namba ya afisa iandikwe ukutani mwa chumba cha kuoshea, na mjue mapema ni nani hushika simu usiku. Kisha kamati inunue vifaa: glovu ndefu za mpira, aproni za plastiki, barakoa, miwani ya kukinga macho, gambuti, sabuni, Jik na mifuko imara ya taka. Afisa awafundishe kuvaa, na zaidi kuvua, kwa sababu wengi huambukizwa wakati wa kuvua. Glovu ya nje yavuliwa bila kugusa ngozi, na mikono huoshwa baada ya kila hatua. Fanyeni mazoezi mara mbili tatu bila maiti. Kama kamati itasema haina fedha za vyote, anzeni na glovu, aproni na sabuni, na niandikie tena. Nitakuja mwenyewe kuzungumza nao.